Fundi, Kabla Hujapiga Windo

Mteja akifika na laptopu mkononi huwa ameshajipima mwenyewe na majibu anayo: "Fundi, hii ina virusi." Nasi mafundi wengi tumezoea dawa moja ya kila homa, kupiga windo, yaani kuweka Windows upya. Saa mbili za kazi, mashine inarudi nyepesi, mteja anaondoka anashukuru. Wiki mbili haziishi amerudi na shida ileile, ila safari hii picha za harusi ya dada yake hazipo tena, maana zilikuwa kwenye deskitopu na hakuna aliyezikumbuka.

Sisemi kupiga windo ni kosa. Kuna mahali ambapo ndiyo njia pekee, na nitapataja. Lakini windo jipya haliponyi diski inayokufa, halibadilishi betri ya saa, haligusi rauta, wala halisafishi ile flashi iliyoleta ugonjwa ambayo bado iko mfukoni mwa mteja. Hapa nimeandika dalili kama wateja wanavyozisema wenyewe, halafu sababu zake na namna ya kuzitenganisha. Mifano ni ya Windows 10 na 11 kwa sababu ndizo zinazojaa mezani.

Kabla hujagusa kitu, uliza mambo matatu. Shida iko kwenye mashine hii tu, au hata simu zilizo kwenye Wi-Fi hiyohiyo zinaiona? Ilianza lini, na siku hiyo kulitokea nini: umeme ulikatika, flashi ya nani ilichomekwa, programu gani ilishushwa? Na mafaili yana nakala mahali pengine? Akisema hayana, kazi yako ya kwanza ni kunakili. Kutibu kutafuata.

"Folda zangu zimegeuka shotikati"

Huu ni ugonjwa wa steshenari. Flashi za mtaa mzima zinapita kwenye mashine moja ya kuchapishia, na mashine hiyo inakuwa kisima: akichafua mmoja, wanakunywa wote. Ukichomeka flashi unakuta kila folda ina kamshale pembeni na ukubwa wa KB 1 au 2, au kuna ikoni moja tu yenye jina la flashi yenyewe. Ukiibofya, mafaili yanafunguka kama kawaida, kwa hiyo wengi hawashtuki hadi flashi iingie kwenye mashine yenye antivairasi na kila kitu kionekane kimetoweka.

Kwa kweli hakijatoweka. Mnyoo umeyapa mafaili halisi sifa mbili, ya kufichwa na ya mfumo, na mara nyingine umeyahamishia kwenye folda ambayo jina lake ni nafasi tupu. Mahali pake umeweka shotikati yenye jina ulilolizoea. Shotikati hiyo inafanya mambo mawili kwa mpigo: inaamsha programu iliyojificha, kisha inakufungulia folda yako ili usihisi kitu. Mbinu hii ina historia. Zamani virusi vya flashi vilijiendesha vyenyewe mara tu unapochomeka, kupitia AutoRun. Windows 7 ilikuja ikiwa imeufunga mlango huo kwa flashi, na Februari 2011 Microsoft ikaufunga hata kwenye XP na Vista kwa sasisho. Tangu hapo mnyoo unahitaji kidole chako kiubofye, ndiyo maana umejivika sura ya folda. Gamarue, ambayo pia huitwa Andromeda, ilienea hivyo hadi polisi wa nchi kadhaa walipovunja mtandao wake wa seva tarehe 29 Novemba 2017. Raspberry Robin ilipoonekana mwaka 2021 ilitumia ujanja uleule. Kumbuka pia kwamba seva zikifa, nakala zilizoko kwenye mashine za watu hazifi nazo. Zinaendelea kurukia kila flashi inayopita.

Kosa ninaloliona kila siku ni kusafisha flashi ndani ya mashine ambayo yenyewe inaumwa. Unafuta shotikati, unageuka kumpa mteja chenji, zimerudi. Kwa hiyo pima kwanza: chukua flashi tupu unayoiamini, ichomeke, subiri dakika mbili tatu. Ikizaa shotikati, mgonjwa ni mashine. Isipozaa, ugonjwa umekuja na flashi ya mteja na bado haujaingia.

Mashine ikiwa mgonjwa, ikate na intaneti, kisha tafuta zana mbili: Process Explorer na Autoruns. Zote ni za Sysinternals, kazi iliyoanzishwa na Mark Russinovich na Bryce Cogswell mwaka 1996 na kununuliwa na Microsoft mwaka 2006. Hazina bei na hazihitaji kusakinishwa, na kama ningeambiwa nichague zana mbili tu za kubaki nazo mezani, ningechukua hizi kabla ya antivairasi yoyote.

Fungua Process Explorer, inayoorodhesha kila programu inayoendeshwa, kwa mamlaka ya msimamizi, peleka kipanya juu ya kila jina usilolijua, usome linaendesha faili gani. Unachotafuta ni wscript.exe, rundll32.exe au msiexec.exe inayoendesha kitu kutoka folda za AppData au Temp, au kwenye flashi. Vilevile svchost.exe isiyo mtoto wa services.exe, au isiyokaa ndani ya C:\Windows, ni mgeni aliyevaa sare ya askari. Ukimpata usimuue papo hapo. Msimamishe kwa "Suspend" kwanza, kwa sababu wengine hutembea wawiliwawili na ukimuua mmoja mwenzake anamfufua. Wakishasimama wote, ndipo uwaue.

Halafu Autoruns, inayokuonyesha kila kitu kinachoamka pamoja na Windows. Washa "Hide Microsoft Entries" ili orodha ipungue. Mstari wa waridi maana yake mtengenezaji hajathibitishwa, wa njano maana yake faili lenyewe halipo tena. Waridi peke yake si hukumu, maana madereva mengi ya printa za bei nafuu yana rangi hiyo. Lakini waridi inayoelekeza kwenye faili la .vbs ndani ya AppData haihitaji shahidi. Ondoa tiki, usifute bado. Washa upya, rudi uangalie. Tiki ikijirudisha, kuna mlinzi mwingine hujamwona, na mara nyingi yuko kwenye kazi zilizopangiwa muda, upande wa "Scheduled Tasks". Isiporudi, futa faili lenyewe pale lilipo.

Zana zote mbili zinaweza kuuliza VirusTotal, tovuti inayokagua mafaili kwa antivairasi nyingi kwa pamoja, kuhusu faili kwa kutuma alama yake ya utambulisho tu. Kuipandisha faili nzima ni jambo jingine, kwani huko wanachama wanaolipia wanaweza kuishusha. Programu unayoitilia shaka ipandishe tu, lakini mkataba wa mteja usiupandishe.

Sasa ndipo flashi. Fungua Command Prompt, na kama flashi imepewa herufi E, andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

del E:\*.lnk

Amri ya kwanza inayavua mafaili yote vile vifuniko, ya pili inafuta shotikati zilizoko juu kabisa. Hakikisha herufi mara mbili. Ukiipiga ya kwanza kwenye C utakuwa umevuruga sifa za mafaili ya Windows yenyewe na utajuta. Kisha washa uonyeshaji wa viambishi vya mafaili, kwa sababu "Barua ya kazi.doc" inaweza kuwa "Barua ya kazi.doc.exe" iliyopewa ikoni ya Word. Futa .vbs, .js na .exe ambazo mwenyewe hukuziweka.

Kama huna mashine ya Windows unayoiamini, chomeka flashi kwenye kompyuta ya Linux. Linux haijali ile sifa ya kufichwa, kwa hiyo mafaili yote yanaonekana bila amri yoyote, na shotikati ya Windows pale ni karatasi tu. Ndiyo maana mwenye steshenari akiniuliza, namwambia mashine inayopokea flashi iwe ya Linux Mint yenye LibreOffice na printa yake. Atalalamika wiki moja kwamba Word haipo na maandishi mengine yanaruka ukurasa. Ni kweli yanaruka, ndiyo maana namwambia amwombe mteja alete PDF. Wapo wanaosema mteja atume kwa WhatsApp badala ya flashi. Ni sawa, ila nimekuta mashine za steshenari zenye WhatsApp ya mteja wa jana ikiwa wazi, meseji zote zinasomeka.

Kuna ndugu wa dalili hii asiye virusi kabisa: mafaili yanaonekana, majina yapo, lakini ya mwanzo yanafunguka na ya baadaye hayafunguki au ni matupu. Uliza flashi imenunuliwa wapi na kwa bei gani. Zipo zinazojitangaza kuwa na TB 1 wakati ndani kuna sehemu ndogo tu ya hiyo. Ukishajaza kilichopo, kinachofuata kinaandikwa hewani. Nakili kilichopo, kisha ipime kwa H2testw, au f3 kama uko Linux. Zote zinaijaza flashi kisha zinasoma zilichoandika na kulinganisha. Flashi hiyo hairekebishiki.

"Kila tovuti inaniambia si salama"

"Shikamoo mwalimu." "Marahaba. Mwanangu, hii kompyuta ya shule imepigwa windo mara mbili na bado haifungui hata Google." Nilitazama pembe ya chini ya skrini: ilisema Januari 2012. Betri mpya ya saa, dakika kumi, kwisha.

Kila tovuti ya https ina cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Mashine ikiamini tuko 2012, cheti kilichotolewa mwezi jana kwake bado hakijazaliwa. Chrome itaandika NET::ERR_CERT_DATE_INVALID, masasisho ya Windows yatagoma, na zile namba za kuingilia akaunti zinazobadilika kila sekunde 30, ukizitoa kwenye mashine hiyohiyo, hazitakubaliwa. Kompyuta ya mezani ikichomolewa ukutani, saa yake inategemea betri ndogo ya CR2032 iliyoko kwenye ubao mkuu: volti 3, kipenyo milimita 20, unene milimita 3.2, na ndiyo maana ya namba zake. Mahali ambapo umeme unakatika kila siku na mashine zilikuja zikiwa tayari zimetumika ng'ambo, betri hizo huwa zimechoka.

Ukiibadilisha, ingia kwenye BIOS, menyu ya mipangilio ya ubao mkuu, kabla ya Windows kuwaka. Betri ikifa, mipangilio hurudi ya kiwandani, na mmojawapo ni namna diski inavyosomwa. Kama ilikuwa AHCI ikawa kitu kingine, Windows itaanguka na skrini ya bluu iliyoandikwa INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Hapo ndipo fundi mwenye haraka anapopiga windo na kufuta miaka mitano ya mitihani, wakati dawa ilikuwa kurudisha neno moja kwenye menyu.

Saa ikiwa sahihi na tovuti chache tu zinagoma, angalia umri wa mashine. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti mama kimoja cha zamani kilichokuwa kikitegemewa na Let's Encrypt kiliisha muda, na Windows 7 zisizosasishwa zikaanza kukataa tovuti nyingi zisizo na kosa. Firefox hubeba vyeti mama vyake yenyewe, kwa hiyo inaweza kukuvusha kwa muda. Saa ikiwa sahihi na kila tovuti inagoma ukiwa kwenye Wi-Fi ya hoteli au mgahawa, pengine hujajiandikisha kwenye ukurasa wao wa kuingilia. Kitu kimoja usifanye kwa hali yoyote: kubofya "endelea hata hivyo" kwenye ukurasa wa benki.

"Imekuwa nzito"

Neno hili halitoshi. Nzito kuwaka, nzito kwenye intaneti, au nzito kila kitu? Fungua Task Manager uangalie safu tatu: prosesa, memori, diski.

Diski ikisimama kwenye asilimia 100 huku hakuna kinachofanyika, usikimbilie kutafuta virusi. Endesha CrystalDiskInfo, zana inayosoma afya ya diski. Kwa diski za kuzunguka, tazama mistari mitatu: 05, C5 na C6. Ya 05 inahesabu sehemu zilizoharibika na kubadilishwa, C5 zinazosubiri hukumu, C6 zilizoshindikana kusomeka. Thamani ghafi hapo huandikwa kwa mfumo wa 16, usidanganyike na herufi. C5 ikiwa si sifuri, acha kila kitu unakili data ya mteja, ukianza na isiyoweza kupatikana tena. Kuichunguza diski hiyo kwa antivairasi saa nne mfululizo ni kumkimbiza mgonjwa wa moyo mlimani. Kuipiga windo ni hivyohivyo. Inahitaji diski mpya, na ukiweka SSD mteja atadhani umempa kompyuta nyingine.

Prosesa ikipiga kelele wakati mashine imetulia, na kelele ikaisha mara unapofungua Task Manager, hiyo ni tabia ya programu zinazochimba sarafu za kidijitali kwa umeme wako: zinajificha zinapomwona mkaguzi. Badilisha mkaguzi, tumia Process Explorer. Memori ikiwa imejaa, hesabu antivairasi. Nimekuta mashine ya GB 4 yenye tatu, kila moja ikiwatilia shaka wenzake.

"Pembeni inaniambia nina virusi vitano"

Hii ya haraka. Vibao vinavyochomoza pembe ya kulia chini vikiwa na nembo ya antivairasi na neno la kutisha ni arifa za tovuti uliyoibonyezea "ruhusu" siku moja, labda ukitafuta mpira wa bure. Hakuna virusi. Ingia mipangilio ya brauza, sehemu ya arifa, futa ruhusa za tovuti usizozijua. Ukiwa hapohapo kagua na nyongeza za brauza.

"Antivairasi inakataa kuwaka"

Kompyuta ni ya nyumbani, lakini Windows Security inasema mpangilio unasimamiwa na msimamizi wako. Msimamizi gani? Mara nyingi ni kraki. Maelekezo ya kuweka programu ya wizi huanza na "zima antivairasi kwanza", na watu wanatii. Wakati mwingine Defender, antivairasi ya Windows yenyewe, inawaka vizuri lakini imeambiwa isitazame sehemu fulani. Fungua PowerShell kama msimamizi, andika:

Get-MpPreference | Select-Object ExclusionPath

Ukikuta C:\ nzima imesamehewa, umempata mwizi. Futa misamaha hiyo, kisha endesha Defender Offline, ambayo huwasha mashine nje ya Windows na kuchunguza kabla virusi havijaamka. Kama Defender imeharibika kabisa, shusha Microsoft Safety Scanner kwenye mashine nyingine. Nakala yake hudumu siku 10 tu, usitumie iliyokaa kwenye flashi yako tangu mwaka jana.

Najua hoja ya leseni, na bei yake naijua. Lakini Windows 11 isiyolipiwa huendelea kupokea masasisho ya usalama huku ikikusumbua kwa maandishi pembeni. Kraki inakuondolea maandishi na kukuachia mgeni usiyemjua ndani ya nyumba. Na sehemu inayofuata inaonyesha mgeni huyo huja na nini.

"Mafaili yote yameota mkia"

Ripoti.docx imekuwa Ripoti.docx ikifuatiwa na herufi nne zisizo na maana, hakuna kinachofunguka, na kila folda ina barua ya _readme.txt. Barua inadai dola 980, au 490 ukiwasiliana ndani ya saa 72. Hiyo ni STOP, wengine huiita Djvu, na kwa muda mrefu imekuwa ikiwapata watu wa kawaida na biashara ndogo kupitia kraki hizohizo.

Kwanza chomoa intaneti na kila diski ya nje. Usipige windo, usifute barua, usibadilishe majina ya mafaili. Nakili yaliyofungwa pamoja na barua yenyewe na faili la C:\SystemID\PersonalID.txt, uweke pembeni. Halafu, kwa simu au mashine nyingine, badilisha maneno ya siri ya barua pepe, benki na mitandao, kwa sababu kirusi hiki mara nyingi hutembea na mwizi wa maneno ya siri yaliyohifadhiwa kwenye brauza. Hatua hii ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Watu wanalilia picha huku akaunti zinachotwa.

Kufungua kunategemea ufunguo uliotumika. Kirusi kikishindwa kuifikia seva yake hutumia ufunguo kiliokuja nao, ambao ni mmoja kwa wengi, na namba ya utambulisho kwenye barua huishia na t1. Hapo kuna matumaini: zana ya bure ya Emsisoft iliyotolewa Oktoba 2019 hufungua baadhi ya hayo, hasa matoleo ya zamani. Ukiwa ufunguo wa seva kwa matoleo mapya, mtu yeyote anayekuambia atafungua kwa malipo anakudanganya au atakwenda kulipa wahalifu kwa pesa yako na kuongeza yake juu. Anzia tovuti ya No More Ransom, iliyoanzishwa Julai 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni mbili za usalama. Unapandisha mafaili yaliyofungwa na barua, inakuambia ni familia gani na kama kuna dawa.

Jambo ambalo mafundi wachache wanalijua: kwa mafaili makubwa, STOP hufunga takriban KB 150 za mwanzo tu na kuacha zilizobaki. Picha ni ndogo kuliko video, kwa hiyo huumia zaidi. Lakini video ya harusi ya GB 2 inaweza kutengenezwa kwa zana za kurekebisha video ukiwa na nyingine iliyopigwa kwa kamera ileile, na faili kubwa la zip huweza kutoa sehemu ya yaliyomo. Usitupe diski.

Hapa sasa, baada ya kunakili, piga windo bila huruma. Mashine iliyoingiliwa kiasi hiki siiamini tena hata antivairasi ikisema ni safi.

"Ofisi nzima inapelekwa kwenye matangazo"

Lile swali la kwanza ndipo linapolipa. Kama kompyuta nne na simu ya mhasibu zote zinaandika anwani ya benki na kutua kwingine, acha kompyuta. Ingia kwenye rauta uangalie DNS, yaani seva inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba. Kama ina namba usizozijua, mtu ameingia kwa admin na admin, neno la siri la kiwandani ambalo hakuna aliyelibadilisha. Kabla ya kuirudisha kiwandani, andika pembeni jina na neno la siri la PPPoE ulilopewa na mtoa huduma, la sivyo utakaa bila intaneti hadi Jumatatu. Baada ya hapo sasisha programu yake, weka neno jipya la msimamizi, funga usimamizi kutoka nje, na DNS iwe unayoijua, kwa mfano 9.9.9.9 ya Quad9 inayozuia majina mabaya.

Ukiwa humo, tazama milango iliyofunguliwa kuelekea ndani. Mlango 3389 ukiwa wazi, mtu aliufungua ili afanye kazi nyumbani kwa Remote Desktop, na dunia nzima inaugonga. Kwenye seva, fungua Event Viewer, kumbukumbu za usalama, uchuje tukio 4625, yaani kuingia kulikoshindwa. Ukiona maelfu kwa majina kama administrator, test na user, ndiyo hao. Kisha chuja 4624 ya aina ya 3 na ya 10 kutoka anwani za nje, maana hizo ni zilizofaulu. Tukio 1102 ni la aliyefuta kumbukumbu zenyewe. Kama si wewe uliyezifuta, chukulia seva imetekwa. Funga mlango, wafanyakazi wapite kwenye VPN, njia iliyofungwa kwa usimbaji. WireGuard inatosha na ni ya bure.

Masasisho ya seva nayo yasingoje. Kiraka cha tundu lililotumiwa na kirusi cha WannaCry kilitolewa tarehe 14 Machi 2017, shambulio likaja 12 Mei. Waliochelewa walikuwa wamepewa karibu miezi miwili.

"Nimebadilisha neno la siri, bado wanaingia"

Mwizi ameiba kikao, yaani ile alama inayokuacha ndani ya akaunti bila kuandika neno la siri tena, kwa hiyo hakuhitaji neno. Kwenye mipangilio ya akaunti toa vifaa vyote, kisha kagua kanuni za barua pepe. Mwizi wa ankara huweka kanuni ya kupeleka kwake kila barua yenye neno "malipo" na kuificha isionekane kwenye kikasha chako. Kanuni hiyo hubaki hata ukibadilisha neno la siri mara kumi. Ondoa na namba za simu za kurejeshea akaunti usizozitambua, halafu washa uthibitisho wa hatua mbili.

Ukifika mwisho ukaamua kupiga

Shusha Windows kutoka Microsoft wenyewe, si ile DVD "yenye kila kitu ndani" inayozunguka kwa mafundi, ambayo mara nyingi huja na kraki zake. Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo mashine isiyoweza 11 mwambie mteja ukweli, umpe chaguo la Linux kabla hujalipwa.

Na kabla hujagusa BIOS au kuitoa diski ukaisome kwenye mashine nyingine, andika manage-bde -status kwenye Command Prompt ya msimamizi. Laptopu nyingi mpya hufunga diski kwa BitLocker bila mwenyewe kujua. Ikiwa imefungwa, mwombe mteja aingie kwenye akaunti yake ya Microsoft, atafute ufunguo wa tarakimu 48, auandike kwenye karatasi. Mteja akisema akaunti ile alifunguliwa na aliyemuuzia na hakumbuki barua pepe, mrudishie laptopu ikiwa bado inawaka, anakili mafaili yake kwanza, aje kesho.